Jina la Kuazima: Watu Mashuhuri na Wanyama wa Ngorongoro



Ukishapita geti la Lodoare ukapanda msituni hadi ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro, kuna mnara wa mawe uliojengwa mithili ya piramidi ndogo. Waongoza watalii mliomo humu mnaufahamu. Mnapunguza mwendo, mnataja majina mawili, mnaendelea na safari kwa sababu wageni wanataka kuteremka chini mapema. Pale amezikwa Michael Grzimek, kijana wa Kijerumani aliyefariki tarehe 10 Januari 1959 akiwa na miaka 24, baada ya ndege yake ndogo, iliyopakwa milia kama ya punda milia, kugongana na tai angani. Mwaka 1987 baba yake, Profesa Bernhard Grzimek, naye alifariki, na majivu yake yakaletwa kutoka Ujerumani yakazikwa kando ya mwanawe. Maandishi ya pale yanasema kijana yule alitoa kila alichokuwa nacho, uhai wake ukiwemo, kwa ajili ya wanyama wa Afrika.

Nimeanza na kaburi hilo kwa sababu mada yetu ya leo, watu mashuhuri wanaoazimisha majina yao kwa kampeni za kutetea wanyama, wengi wanadhani ni jambo la Hollywood na la mitandao ya simu. Lina umri mkubwa zaidi ya hapo, na mojawapo ya mizizi yake mikubwa iko hapa juu, mwendo usiofika saa moja kwa gari kutoka hapa Karatu tulipokaa.

Bernhard Grzimek alikuwa daktari wa mifugo na mkurugenzi wa bustani ya wanyama ya Frankfurt. Kilichomfanya ajulikane nyumba kwa nyumba ni televisheni. Kuanzia mwaka 1956 alikuwa na kipindi chake, na kila kipindi alikaa studio na mnyama hai, chui mdogo au nyani, anamparamia mabegani huku yeye akizungumza kwa utulivu kana kwamba hakuna kitu. Wajerumani walimpenda. Fedha walizopata yeye na Michael kwa filamu yao ya kwanza, iliyohusu Kongo, walitaka kuzitumia kununua ardhi ya kupanua hifadhi ya Serengeti. Wakuu wa hifadhi za Tanganyika wakawaambia ardhi si haja ya kwanza. Haja ya kwanza ni kujua kuna wanyama wangapi na wanapita wapi. Basi baba na mwana wakajifunza urubani, wakaruka na ndege yao kutoka Ulaya, na Januari 1958 wakahesabu wanyama wa Serengeti kutoka angani: 366,980. Hakuna aliyewahi kuwahesabu kwa namna hiyo kabla yao. Waligundua pia kwamba njia za nyumbu zinavuka mipaka mipya ambayo serikali ya kikoloni ilikuwa inakusudia kuichora.

Filamu iliyotokana na kazi hiyo, Serengeti Haitakufa, ilitoka mwaka 1959, Michael akiwa tayari kaburini. Mwaka uliofuata ikapata tuzo ya Oscar. Baba mtu akaendelea kuitumia televisheni kama hakuna aliyefanya kabla yake. Alitangaza kwenye kipindi chake safari za kwenda kuona wanyama Afrika Mashariki wakati safari za aina hiyo bado hazijaandaliwa na mtu yeyote. Watu wakaenda kwenye ofisi za usafiri kuziulizia, na wenye ofisi ikabidi waziandae. Hoteli zilizotapakaa leo kutoka Rhotia hadi Oldeani, magari yanayojaza mafuta hapa mjini kabla ya alfajiri, mishahara inayosomesha watoto wa Karatu: sehemu ya mambo hayo inatokana na mzee yule na nyani wake studio. Deni hilo nalikiri wazi, na nawaomba mlikiri pamoja nami.

Sasa upande wa pili. Grzimek aliamini, na aliandika bila kuficha, kwamba hifadhi ya taifa haipaswi kukaliwa na watu, hata Wamasai na ng'ombe wao. Wakati anahesabu nyumbu kutoka angani, chini kulikuwa na maboma, Moru na kwingineko, na wazee wenye maboma hayo walikuwa kwenye mazungumzo mazito na serikali. Mwaka 1958 wazee 12 walitia saini hati ya kukubali kuondoka Serengeti. Mwaka 1959 Serengeti ikagawanywa: magharibi ikawa hifadhi isiyo na watu, mashariki ikawa Eneo la Hifadhi ya Ngorongoro, kilomita za mraba 8,292, ambamo watu, mifugo na wanyamapori wangeishi pamoja. Agosti mwaka huohuo Gavana Turnbull aliliambia baraza la Wamasai kwamba ikitokea maslahi ya wanyama yakagongana na ya wakazi, ya wakazi ndiyo yatakayotangulia. Wazee mlioko mbele hapa mmelelewa mkiisikia ahadi hiyo. Mwaka 1974 watu wakaondolewa ndani ya kreta. Mwaka 1975 kilimo kikakatazwa, mwaka 1992 kikaruhusiwa, mwaka 2009 kikakatazwa tena.

Naomba nieleweke vizuri. Uamuzi wa mwaka 1959 haukuwa wa Grzimek. Ulikuwa wa serikali ya kikoloni, na baadhi ya mambo yaliyoamuliwa yeye mwenyewe aliyapinga kwa nguvu. Lakini filamu ilipoonyeshwa Frankfurt na New York, ndiyo iliyowaeleza watazamaji hapa ni mahali gani na ni pa nani. Wale wazee 12 hawakuwa na filamu. Hawakuwa na kipindi cha televisheni. Kuanzia hapo, kila mtu wa mbali aliyetaka kuipenda Ngorongoro aliipenda kwa macho ya Grzimek, na katika macho hayo mfugaji alikuwa tatizo la kutatuliwa.

Ninachokisema leo ni hiki. Jina la mtu mashuhuri lina nguvu ya kweli pale anapolipeleka kwa watu wake mwenyewe, akawaambia waache jambo wanalolifanya au wafanye jambo wasilolifanya. Likitumika kuamua maisha ya watu wasiomjua, wanaokaa mbali naye na wasio na namna ya kumjibu, linaumiza hata nia ikiwa safi. Wazee walisema nguo ya kuazima haisitiri maungo. Kampeni inayovaa jina la mtu lazima iulizwe jina lile litakapovuliwa itabaki na nini.

Ushahidi wa upande mzuri upo, na ni wa kwetu kabisa. Wengi humu mnaikumbuka miaka ile ya ujangili. Sensa ya mwaka 2009 ilikuta Tanzania ina tembo 109,051. Ya mwaka 2014 ikakuta 43,330. Kwa miaka mitano tulipoteza tembo wengi kuliko waliobaki. Hawakufa kwa ukame; waliuawa kwa ajili ya meno, na meno yalisafirishwa Asia, hasa China, kuchongwa mapambo. Askari wetu walipambana huku, wengine wakapoteza maisha, lakini soko likiwa wazi kule, kila jangili aliyekamatwa alikuwa na mrithi.

Mchina mmoja mrefu kupita kiasi, Yao Ming, aliyekuwa amestaafu mpira wa kikapu Marekani, alikuja Kenya mwaka 2012 akiwa na shirika la WildAid. Alipelekwa kuona mizoga ya tembo waliokatwa uso. Wapo walioona mzaha mtu wa mpira kulia tembo. Lakini angalieni alikoupeleka ujumbe wake. Hakusimama Nairobi kuwafundisha Wasamburu kuishi na wanyama. Alirudi nyumbani, akawaambia Wachina wenzake, kwa lugha yao, kwenye televisheni yao na kwenye mabango ya miji yao, kwamba kinachowaua tembo ni mnunuzi, na mnunuzi ni sisi. Bei ya meno ghafi ya tembo China, iliyokuwa kama dola 2,100 kwa kilo mwanzoni mwa 2014, ilikuwa imeshuka hadi kama dola 730 mwanzoni mwa 2017, na tarehe 31 Desemba 2017 serikali ya China ilifunga soko lake halali. Sisemi Yao ndiye aliyelifunga. Kulikuwa na diplomasia, kulikuwa na wanasayansi, na uchumi wa China wenyewe ulikuwa umepunguza kasi. Nasema alikuwa mahali ambapo jina lake lilikuwa na kazi ya kufanya.

Na huku kwetu, miaka hiyohiyo, Ali Kiba alikubali kuwa balozi wa kampeni dhidi ya ujangili. Jacqueline Mengi naye. Lupita Nyong'o alirudi Kenya mwaka 2015 kwa kazi hiyohiyo, akakaa na tembo wa Amboseli na yatima wa Nairobi. Nawaambia kwa nini Ali Kiba ni mfano ninaoupenda kuliko wote. Kabla yake, kijana wa kijiweni alizoea kuambiwa habari za tembo na mzungu aliyevaa kofia, au na ofisa aliyekuja na kipaza sauti kueleza faini na kifungo. Akasikia kwa mara ya kwanza kutoka kwa mtu ambaye nyimbo zake anazo kwenye simu, kwa Kiswahili cha Kariakoo, kwamba tembo ni mali yake na anaibiwa. Ni maneno tofauti kabisa na kuambiwa wewe ndiye mwizi.

Lakini katika vita ileile mjue jina lilimlinda nani na halikumlinda nani. Mwaka 2016 ilitoka filamu kuhusu biashara ya meno ya tembo, na mmoja wa waliobeba jina lake ni Leonardo DiCaprio. Ndani yake anaonekana Mtanzania, Elisifa Ngowi, ofisa wa intelijensia, akimsaka jangili aliyeitwa Shetani. Shetani alihukumiwa miaka 12 mwaka 2017. Agosti mwaka huohuo Wayne Lotter, aliyeshirikiana kwa miaka na vyombo vyetu kuvunja mitandao hiyo, alipigwa risasi Dar es Salaam akiwa kwenye teksi akitoka uwanja wa ndege. Mwaka 2019 mahakama ya Kisutu ilimhukumu Yang Fenglan, aliyeitwa Malkia wa Pembe za Ndovu, miaka 15 kwa biashara ya vipande 860 vya meno. Kesi hiyo iliendeshwa na waendesha mashtaka wa Tanzania, kwa ushahidi uliokusanywa na Watanzania ambao majina yao hamyajui na hayatakiwi kujulikana. Kwenye kazi hii mtu asiyejulikana ndiye anayekaa karibu na risasi. Anayeazimisha jina lake kwa tembo, kazi yake ya kwanza iwe kuhakikisha mtu huyo ana bima, ana viatu, na familia yake ina pa kushika asiporudi.

Nirudi nyuma kidogo kwenye sinema, maana hapa Kaskazini tuna historia nayo. Mwaka 1962 ilitoka Hatari!, sinema ya John Wayne iliyopigwa maeneo ya Arusha na Ngorongoro. Mashujaa wake wanawakimbiza twiga na faru kwa magari, wanawakamata kwa kamba, wanawauza kwa bustani za wanyama. Watazamaji walishangilia. Miaka minne baadaye Waingereza wawili, Virginia McKenna na mumewe Bill Travers, waliigiza Kenya sinema ya maisha ya Joy na George Adamson na simba wao Elsa. Baadaye wakaigiza nyingine na mtoto wa tembo aliyeitwa Pole Pole. Sinema ilipokwisha, Pole Pole alipelekwa London Zoo. Walipomtembelea miaka mingi baadaye alikuwa peke yake, na aliwatambua. Aliunyoosha mkonga wake kuwafikia mikono. Mwaka 1983 akafa. Mwaka 1984 wale waigizaji wakaanzisha shirika la kuzichunguza bustani za wanyama, na mama yule ameifanya kazi hiyo hadi uzeeni. Namheshimu kwa sababu alianzia kwa mnyama aliyemgusa kwa mikono yake, akaenda kuwabana watu wa nchi yake mwenyewe, kwenye bustani ya mji wao mkuu.

Linganisheni na jambo lililotokea mwaka 2020. Waingereza mashuhuri, wakiwemo Ricky Gervais na Joanna Lumley, walikuwa wanapigania sheria ya kukataza kuingiza Uingereza vichwa na ngozi za wanyama waliowindwa Afrika. Viongozi wa jamii zaidi ya 50 kutoka Botswana, Namibia, Zambia na Zimbabwe waliwaandikia barua ya wazi. Walisema: sisi ndio tunaoishi na tembo na simba, mapato ya uwindaji ndiyo yanayotufanya tuwavumilie, na nyinyi mnatumia umaarufu wenu kutuamulia bila kutuuliza. Mimi binafsi sipendi uwindaji wa kujifurahisha. Simba aliyekufa ili ngozi yake ikatandikwe sebuleni kwa mtu wa mbali hanifurahishi hata kidogo. Ila barua ile niliielewa neno kwa neno, kwa sababu walioiandika walikuwa wanaomba kitu kimoja tu, waulizwe.

Dk. Jane Goodall, aliyefariki Oktoba 2025, aliuliza. Wengi mnamjua kwa sokwe wa Gombe, alikofika mwaka 1960, lakini mwishoni mwa miaka ya sitini alikuwa jirani yetu: yeye na mumewe Hugo van Lawick waliishi ndani ya kreta wakiwachunguza fisi na mbweha, wanyama ambao hakuna mtu mashuhuri aliyekuwa radhi kupigwa nao picha. Aliwaandika fisi kwa heshima, mama na watoto, ugomvi na mapatano. Umaarufu wake ulitengenezwa na magazeti na filamu za Marekani. Angeweza kukaa hukohuko akihubiri. Alipoona kutoka angani kwamba milima ya Kigoma imebaki mitupu na msitu wa Gombe umebaki kisiwa, mwaka 1994 ulianza mradi uliokwenda kwanza vijijini kuwauliza watu wanahitaji nini. Wakasema maji, zahanati, shule. Habari za sokwe zikaja baadaye. Na mwaka 1991, pale nyumbani kwake Dar es Salaam, aliwakusanya wanafunzi 12 wa sekondari, na kikundi hicho kikawa Roots & Shoots iliyoenea duniani. Jina la mwanamke huyu ukilivua, Kigoma pamebaki misitu ya vijiji na kamati zake.

Kuna mtu mwingine nataka vijana wa Ngorongoro wamjue, kwa sababu ni wa kwenu. Tepilit Ole Saitoti alikuwa morani, kisha askari wa hifadhi, kisha mwaka 1972 akawa mhusika mkuu wa filamu ya National Geographic kuhusu Mmasai wa Serengeti. Filamu ilimfikisha Marekani, akasoma, akaandika vitabu. Hapo umaarufu ulimwangukia mtu wa mahali. Aliutumia kueleza kwamba Mmasai hali nyamapori, kwamba wanyama wale wamebakia Ngorongoro na Serengeti kwa sababu kuna watu walioishi kando yao vizazi kwa vizazi bila kuwala. Natamani kila anayesimama penye kaburi la Grzimek ahadithiwe na habari za Saitoti.

Sasa tushuke Karatu.

Msitu wa nyanda za juu unaotuletea maji ndio unaotuletea tembo. Mahindi yakianza kukomaa, wanatoka usiku Rhotia, Oldeani, kote kunakopakana na msitu. Mnayajua maisha ya dungu. Kijana anapanda juu na tochi, debe na fimbo ya kulipigia. Pembezoni mwa shamba imefungwa kamba yenye vitambaa vilivyochovywa kwenye oili chafu iliyochanganywa na pilipili ya unga. Upepo ukivuma vizuri, tembo anasita. Ukivuma vibaya, anapita. Saa nane usiku unasikia mahindi yanavunjika, huoni kitu, unapiga debe, mbwa anabweka, majirani nao wanapiga debe, na asubuhi unakuta ekari imelala chini na kinyesi kikubwa katikati. Mama mwenye shamba analihesabu kwa magunia, maana ada ya shule aliihesabu kwa magunia.

Kanuni za mwaka 2011 ziliweka kifuta jasho na kifuta machozi. Kwa mazao ilikuwa kati ya shilingi 25,000 na 100,000 kwa ekari, kutegemea umbali wa shamba na hifadhi, na si zaidi ya ekari 5. Kwa mtu aliyeuawa, ilikuwa shilingi milioni 1. Milioni moja kwa uhai wa baba wa watoto! Nani anajua jambo hili Los Angeles? Nani anajua hata Masaki? Msanii aliyevaa fulana ya tembo, akilala usiku mmoja tu juu ya dungu la Rhotia na kesho yake akaenda Dodoma kuuliza viwango vinatosha kiasi gani na malipo yatafika lini, atakuwa amemtetea tembo kuliko mabango yote ya barabara ya uwanja wa ndege. Mtu aliyelipwa vizuri na kwa wakati haweki sumu kwenye boga.

Rwanda wanatuonyesha kwamba sherehe na haki vinaweza kwenda pamoja. Tangu 2005 wanafanya Kwita Izina, sherehe ya kuwapa majina watoto wa gorila. Wamepita hapo Naomi Campbell, Didier Drogba, Sauti Sol. Picha nzuri, magazeti yanajaa. Lakini nyuma ya picha kuna utaratibu: sehemu ya mapato ya utalii inarudi kwa vijiji vinavyopakana na hifadhi, asilimia 5 mwanzoni, asilimia 10 tangu 2017.

Nasi tulikuwa na nyota wetu mwenyewe. Faru Fausta wa kreta alikufa tarehe 27 Desemba 2019 akiwa na miaka 57, na inaaminika hakuna faru aliyewahi kufika umri huo. Miaka ya mwisho macho yalikuwa yamefifia, fisi walikuwa wanamjeruhi, na tangu 2016 alitunzwa ndani ya uzio. Mtafiti aliyehesabu faru wa kreta miaka ya sitini alipata zaidi ya mia moja. Mwanzoni mwa miaka ya tisini hawakufika 20. Fausta aliishi kupitia anguko lote hilo kwa sababu kulikuwa na askari waliolala porini karibu naye. Habari zake zilipotangazwa duniani, askari wale hawakutajwa. Na huko nyanda za malisho wapo morani ambao leo kazi yao ni kumfuatilia simba, kuziba mapengo ya maboma, kutafuta ng'ombe aliyepotea kabla simba hajampata, na kuwatuliza wenzao wasitoke na mikuki. Babu zao walipata jina kwa kumuua simba. Wao wanamlinda, na jina bado hawajalipata.

Siwezi kuizungumzia Ngorongoro nikanyamazia miaka hii ya karibuni. Aprili 2022 Rais Samia alizindua filamu ya Royal Tour, Ngorongoro ikiwemo, na wageni wakaongezeka, Karatu imefaidika. Juni mwaka huohuo familia za kwanza zilianza kuhamia Msomera, Handeni, na Loliondo kukatokea mapambano wakati wa kuweka vigingi vya mpaka, damu ikamwagika, askari polisi akauawa. Wasanii na watangazaji waliingia kwenye mjadala, wengine wakisema watu wa Ngorongoro waondoke ili wanyama wapone, baada ya kukaa huku siku chache. Agosti 2024, baada ya tangazo la serikali la kufuta kata na vijiji vya tarafa ya Ngorongoro, maelfu ya wakazi walikaa barabarani siku kadhaa, na Mahakama Kuu Arusha ikasimamisha tangazo lile. Desemba Rais akakutana na viongozi wao akaahidi tume mbili. Watu wamefika kama laki moja pale walipokuwa kama elfu nane mwaka 1959, na malisho hayajaongezeka. Hilo ni tatizo la kweli, na halimalizwi kwa kelele. Lakini mwenye wafuasi milioni akisema watu waondoke, ametamka neno zito juu ya shule, zahanati na makaburi ya wengine. Kabla ya kulitamka akae Endulen, akae Nainokanoka, anywe maziwa ya watu, awasikilize. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone.

Nimalizie na mnyama ambaye hajawahi kuwa na balozi. Kesho asubuhi angalieni punda wanaopanda kutoka visimani. Madumu manne ya lita 20, kamba ya katani imepita chini ya mkia, na juu ya uti wa mgongo, pale kamba inapokaa, pana kidonda kibichi chenye nzi. Mnyama huyu ndiye aliyebeba maji, mahindi na matofali ya wilaya hii. Dodoma na Shinyanga palijengwa machinjio ya kumchinja kwa ajili ya ngozi yake, ikachemshwe gundi ya dawa huko China. Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika walikubaliana Addis Ababa kuikataza biashara hiyo barani kote. Sheria yetu ya Ustawi wa Wanyama ipo tangu 2008, na inamhusu punda kama inavyomhusu mbwa wa mwenye nyumba ya kifahari. Haki za wanyama zinaanzia kwa mnyama unayemfunga mzigo mwenyewe.

Vijana mliomo humu mnaimba, mnachekesha, mna watu wanaowafuata kutoka Mbulu hadi Mang'ola. Hamhitaji shirika wala tiketi ya ndege. Tandiko la gunia lililoshindiliwa nyasi, lenye mfereji katikati ili uti wa mgongo usiguswe, na mkanda mpana wa mpira wa tairi badala ya kamba ya katani, vinatengenezwa kwa mchana mmoja. Mmoja wenu amfunge punda wake hivyo mbele ya kamera, aeleze kwa Kiiraqw kisha kwa Kiswahili, siku ya mnada, watu wakiwa wengi. Daktari wa mifugo yupo, nimemwona pale nyuma. Atawaambia dawa ya kidonda na bei yake. Wazee wana maswali, nadhani tuanze na wao.